Barabara Inayoishia kwa Vlasta

Barabara ya Jimbo Namba 147 ilikuwa fupi kiasi kwamba mtu akianza kusimulia kisa kwenye barabara kuu, angefika Nova Lhota kabla kisa hakijanoga. Ilichomoka barabara kuu, ikapita mahindi kulia na mahindi kushoto, ikapinda mara moja tu, kisha ikaingia kijijini na kukomea mbele ya ghala la nafaka. Haikwenda kwingine. Nebraska ni jimbo kubwa na lina barabara za kutosha, lakini sidhani kama kulikuwa na nyingine yenye namba rasmi na safari ndogo kama ile. Mtu uliyemwona juu yake alikuwa anakwenda Nova Lhota, au anatoka Nova Lhota, au amepotea, na waliopotea wote waliishia kwenye mgahawa wa Vlasta Kubicek, wakielekezwa njia huku wakila kolache.

Kolache za Vlasta zilikuwa na jina. Ni vimkate laini vya mviringo, vimebonyezwa katikati na kujazwa jamu ya plamu, au jibini tamu, au mbegu za mpopi, na wazee wa kijiji waliokuja kutoka Bohemia, huko Ulaya, hawakubeba kitu cha maana zaidi ya hicho, ukiacha kodiani. Jumapili baada ya misa, wazee wa mjini walikuja na magari yao yaliyong'arishwa, na waendesha pikipiki walikuja makundi makundi na majaketi yao ya ngozi, wakaegesha mbele ya mgahawa na kuwa wapole kama watoto wa komunyo. Walikuja kwa sababu kolache zilikuwa tamu, na kwa sababu lami ilifika mpaka mlangoni. Vlasta hakujidanganya kuhusu hilo la pili.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na miwili, mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Binti yake aliyeolewa mjini Omaha alikuwa ameshamwandalia chumba cha chini ya nyumba, chenye zulia na televisheni, na kila akipiga simu alikitaja. "Mama, zulia tumeshaweka." Vlasta alikwenda kukiona mara moja. Kilikuwa chumba kizuri, na alipotoka humo alijihisi kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lake na kuulizwa kama rangi inamfaa.

Barabara yenyewe ilikuwa na historia, tena ndefu kuliko ilivyokuwa yenyewe. Zamani ilikuwa tope tupu. Kila theluji ilipoyeyuka magari yalivutwa kwa farasi, na daktari akiitwa alifika kama tope likipenda. Miaka ya hamsini ikaja sheria: kila kijiji chenye baraza lake kitaunganishwa na barabara kuu kwa lami. Nova Lhota hawakuwa na baraza. Wakalianzisha wiki hiyo hiyo, wakamchagua baba yake Vlasta kuwa mwenyekiti, kwa sababu siku ya uchaguzi alikuwa mnadani anauza nguruwe na hakuwepo akatae. Jimbo likaleta mashine, wanaume wa kijiji wakaleta matrekta kusawazisha tuta, wanawake wakaleta bata wa kuoka na kabichi chachu, na barabara ikajengwa kwa furaha kubwa na kwa mwendo wa kinyonga, maana mafundi walikuwa wananenepa.

Na ile kona? Injinia alipofika kwenye shamba la Bibi Hruska, mstari wake ulipita katikati ya miplamu ya bibi. Akabisha hodi, akauliza kwa adabu kama bibi angeona tabu miti ile ikiondolewa. Bibi Hruska akajibu, "Ndiyo, nitaona tabu. Pitisheni kwingine." Basi barabara ikapinda. Kijiji kizima kilisimulia kisa hicho kwa fahari, lakini wakifika mwisho waliteremsha sauti na kuongeza kwamba bibi yule, Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi mkali kidogo.

Maana watu wa Nova Lhota walikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni adabu. Hawakulalamika. Sisi Waswahili tunaijua ile "njema" yenye msiba ndani yake, lakini Mswahili akishasema njema huvuta pumzi, kisha akakuambia nyumba imeungua. Mtu wa Nova Lhota aliishia pale pale kwenye njema. Stanley Hruska, mjukuu wa bibi yule na mwenyekiti wa kijiji kwa wakati huu tunaousimulia, aliwahi kuanguka ghalani akavunjika mguu, na alipoulizwa hali akiwa bado chini alisema, "Si mbaya sana. Nyie endeleeni na kazi, mimi nitajisogeza."

Ndiyo maana Jumanne moja ya mwezi Machi, kijana mwenye tai na buti mpya alipoingia mgahawani na kujitambulisha kuwa ni Tolliver, mkaguzi wa barabara za jimbo, mambo yaliharibika kwa upole kabisa.

Tolliver alikuwa mtu mwema. Alikula kolache mbili za plamu, akazisifia, kisha akasema, "Mama, nisaidie jambo. Hii 147 mnaionaje?"

"Si mbaya," alisema Vlasta akimwongezea kahawa.

"Ina mashimo."

"Vishimo tu. Ukivizoea unavikwepa."

"Na jimbo likiacha kuitunza je? Tuseme ikabidhiwe kaunti, na kaunti ikwangue lami iweke kokoto. Ingewasumbua sana?"

Vlasta aliweka birika chini. Aliona vumbi. Aliona pikipiki zikigeuza kule kule barabara kuu. Aliona zulia la Omaha. Alitaka kusema, hiyo itanimaliza. Lakini kijana alikuwa mgeni, ametoka mbali, ana kijiko mkononi, na kumwambia maneno kama hayo ilikuwa sawa na kumnyang'anya sahani. Stanley alikuwa amekaa kaunta pamoja na Emil Brabec, mkulima wa upande wa barabara kuu, kila mmoja akitazama kikombe chake. Hawakumsaidia.

"Aa," alisema Vlasta, "tungejikongoja. Hatupendi kuwasumbua."

"Kweli," Stanley akadakia. "Mna barabara nyingi za kuangalia, nyie."

Tolliver akamgeukia Emil. "Na wewe, mzee?"

"Kokoto ni kokoto," alisema.

Kijana aliandika, akawashukuru, akaondoka na moyo mweupe. Vlasta alimfungia kolache za njiani.

Majibu yalikuja mwezi Mei. Libby Novotny, mkuu wa posta na shoga yake Vlasta tangu utotoni, aliingia mgahawani akiwa ameiacha posta wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku kimbunga kilipopita.

"Wanachukua lami," alisema. "Barabara inakwenda kaunti. Na kaunti wameshasema hawana uwezo wa lami, wataikwangua kabla ya theluji."

"Kwa nini?" aliuliza Stanley.

"Kwa sababu wakazi wamesema hawaihitaji."

"Wakazi gani hao?"

Vlasta alijifuta mikono, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Ni mimi," alisema. "Mgahawa wa mama yangu nimeumaliza kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Wote tulikuwepo, dada," alisema Stanley.

"Lakini mimi ndiye niliyesema tungejikongoja."

Libby hakuwa mtu wa kulia na mtu. Alisema kutakuwa na kikao kwenye mahakama ya mji wa kaunti, wiki mbili zijazo, na kila mwenye neno ataruhusiwa kusema. "Kwa hiyo ni rahisi. Twende tukalalamike."

Waliangaliana kama watu waliotakiwa kuimba kwa Kichina.

"Nani anajua kulalamika?" aliuliza Stanley mwishowe.

"Bibi yako alijua."

"Bibi yangu amekufa."

Ikabidi wafanye mazoezi. Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikusanyika kwenye ukumbi wa dansi, ule wenye sakafu iliyong'arishwa na miguu ya wacheza polka wa vizazi vitatu. Stanley alikaa nyuma ya meza akawa jimbo. Libby akasimama mbele yake.

"Mheshimiwa," alianza, "samahani kwa kukupotezea muda, najua mna kazi nyingi, na kwa kweli barabara yetu si..."

"Usiseme si mbaya," alisema Vlasta.

"Nilikuwa nasema si pana."

"Ulikuwa unasema si mbaya. Nimekujua tangu darasa la kwanza."

Wakabadilishana. Stanley akaja mbele, akakunja ngumi, akasema, "Mimi nimekasirika," huku meno yote nje.

"Ondoa tabasamu," alisema Libby.

"Si tabasamu. Ndivyo uso ulivyo."

Kisha ikafika zamu ya Emil. Emil alikuwa na miaka sitini na mitano na hajawahi kuoa. Shamba lake liko mwanzo kabisa wa barabara, pale inapochomoka barabara kuu, na kila asubuhi tangu mume wa Vlasta alipofariki, miaka minane sasa, alikuja kijijini na pikapu yake ya kijani, akiinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kusalimia kila alichokutana nacho, ng'ombe wakiwemo. Alikunywa vikombe viwili, akala kolache moja ya mpopi, akasema neno kuhusu hali ya hewa, akaenda zake.

"Unaitumia barabara kwa shughuli gani?" aliuliza Libby, ambaye sasa ndiye jimbo.

Emil aliiva kuanzia shingoni mpaka pale kofia inapoanzia. "Kupita."

"Kupita kwenda wapi?"

"Huku."

"Huku kufanya nini?"

Emil aliitazama sakafu ya dansi kwa muda mrefu mpaka Libby akamhurumia, akamwambia akae. Libby alimgeukia Vlasta na macho yaliyosema mengi. Vlasta alikuwa anapanga viti ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Usiku wa kuamkia kikao Vlasta hakulala vizuri, na alipoamka aliwaza kuhusu Bibi Hruska. Mtu mmoja alisema hapana mara moja tu, na lami ya serikali ikapinda. Na wao wakakaa miaka thelathini wakimwita mkali. Vlasta aliona haya kwa niaba ya kijiji kizima. Kisha, kwa kuwa alikuwa Vlasta, akaoka boksi zima la kolache za kuwapelekea wanakamati wa jimbo watakaowasikiliza.

"Vlasta," alisema Libby alipoliona lile boksi kwenye gari, "tunakwenda kugombana."

"Mtu hagombani na mwenye njaa."

Mahakama ilikuwa na madawati magumu na joto la kutosha kuumulia unga. Mbele walikaa wanakamati watatu, wakiongozwa na Bi Lindquist, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Tolliver alikuwa pembeni, akafurahi kuwaona kama watu wa kwao. Kolache zikapita meza ya mbele, na kwa muda mfupi jimbo zima lilikuwa linatafuna.

Stanley aliitwa wa kwanza. "Mheshimiwa, mimi ni mwenyekiti wa kijiji," alisema, "na tuna pingamizi." Akavuta pumzi. Watu wake walimtazama roho juu. "Dogo," alisema, akakaa.

Libby alianza vizuri zaidi. Alizungumzia barua, theluji, na basi la shule, na Vlasta akaanza kupata matumaini. Ndipo Bi Lindquist alipomwuliza kwa upole, "Kwa hiyo, mama, kwenu hali ingekuwa mbaya sana?"

Upole ule ndio uliomponza. "Kuna wenye hali mbaya kuliko sisi," alisema Libby, na aliposikia alichosema alijiziba mdomo kwa kitambaa.

Bi Lindquist akafungua taarifa ya Tolliver. "Mimi nimetatanika kidogo," alisema. "Mnapinga, lakini hapa naona mkazi mmoja, mwenye mgahawa, amesema hivi: tungejikongoja, hatupendi kuwasumbua. Sasa tushike lipi?"

Vlasta alijikuta amesimama. Hakukumbuka kuamua.

"Mwenye mgahawa ni mimi," alisema. "Na maneno ni yangu. Nilidanganya."

Madawati yakalia. Stanley alifumba macho kama mtu anayesubiri mlipuko.

"Sikudanganya kwa ubaya," Vlasta aliendelea. "Nilidanganya kwa adabu. Kijana huyu alikuwa mgeni wangu, anakula, ningemwambiaje? Lakini ukweli ni huu. Mkiiondoa lami ile, mimi nafunga mlango. Watu wangu wa Jumapili hawatakuja kula vumbi. Nitakwenda Omaha kukaa chumba cha chini, kwa binti yangu, na ni mtoto mzuri kabisa, lakini mimi sitaki. Sitaki hata kidogo. Wala sisemi tena tutajikongoja, kwa sababu hatutajikongoja. Naitaka barabara yangu. Samahani. Hapana, nafuta samahani."

Alibaki amesimama, uso unamwaka. Bi Lindquist alivua miwani, na hakuonekana kukasirika.

"Asante, mama. Hiyo nimeielewa," alisema. "Yupo mwingine anayeitegemea kila siku? Kila siku, nasema, si Jumapili tu."

Mwisho wa dawati la nyuma Emil Brabec aliinuka, kofia mkononi.

"Mimi."

"Kwa shughuli gani, mzee?"

"Kahawa."

"Unaishi wapi?"

"Mwanzo wa barabara. Pale kwenye barabara kuu."

Bi Lindquist alitazama ramani. "Lakini hapo kwako kuna kituo cha mafuta, na naona wana kahawa."

"Wanayo. Nakiona kituo kutoka jikoni kwangu."

"Ni mbaya?"

"Hapana," alisema Emil, ambaye alikuwa mtu wa haki. "Ni nzuri kuliko ya kwake."

Watu walicheka, hata Tolliver, na Bi Lindquist mwenyewe alitazama chini akakaza midomo. "Sasa mzee, kama kahawa nzuri iko mlangoni kwako, kwa nini uende mpaka mwisho wa barabara kila siku?"

Emil aliizungusha kofia mkononi, mzunguko mzima. Vlasta alitamani kumwokoa, na pia alitamani mtu yeyote asithubutu kumwokoa.

"Kwa sababu kwenye kituo cha mafuta yeye hayupo," alisema Emil, akakaa.

Vlasta alijisikia furaha ya kisichana iliyompanda mpaka masikioni, na aibu, na hasira ndogo, vyote pamoja, na hasira ndiyo iliyowahi kutoka.

"Kahawa yangu ina nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Nyepesi," alisema Emil.

Baada ya hapo ilikuwa kama mtu amefungua bomba. Libby aliomba kurudi, akazungumza vizuri. Stanley aliomba kurudi, naye akalalamikia mashimo moja moja, mpaka lile lililomlia tairi mwaka juzi, kisha akahamia kwenye joto la ukumbi na ugumu wa madawati, na Libby alilalamikia bei ya stempu, ambazo yeye ndiye aliyeziuza. Bi Lindquist alilazimika kugonga meza. Tolliver aliandika yote, mdomo umejaa.

Jibu lilifika kabla ya mavuno ya mahindi. Barabara inabaki ya jimbo. Na kwa kuwa wakazi wameeleza ubovu wake kwa kirefu namna ile, itawekwa lami mpya majira ya joto yajayo. Vlasta alisomewa na Libby kwenye kaunta, akaingia jikoni akalia peke yake, akanawa uso, akatoka na trei ya plamu akawalisha wote bure.

Lakini la Emil lilikwama. Asubuhi iliyofuata baada ya kikao alikuja kama kawaida, akakaa kiti chake kile kile. Vlasta alimmiminia kahawa nyeusi kama lami yenyewe. Emil akanywa, machozi yakamtoka, akasema si mbaya, kisha akasema huenda ikanyesha. Hilo tu. Mahindi yakavunwa, theluji ikaanguka, mashine ya jimbo ikaja kuisukuma, theluji ikayeyuka, na Emil bado alikuwa kwenye hali ya hewa. Alikuwa ameshatumia maneno ya miaka kumi kwa siku moja na sasa akiba imekwisha. Vlasta naye aliwahi kusema naitaka mbele ya serikali, lakini kuisema mbele ya mtu mmoja mwenye kofia ilikuwa kazi nyingine.

"Mtakufa nyie," alimwambia Libby. "Mtakufa mnatazama mawingu."

"Niache, shoga."

"Nimekuacha sana."

Mwezi Juni mafundi walikuja. Siku za mwanzo waliacha upande mmoja wazi magari yapite kwa zamu. Jumatatu ya wiki ya pili, asubuhi, msimamizi wao aliingia mgahawani, akaagiza kahawa na kolache za jibini, akatangaza kwamba kuanzia dakika ile barabara imefungwa kutoka kijijini mpaka barabara kuu. Lami ni ya moto. Hakuna anayetoka wala kuingia mpaka Ijumaa.

Emil, aliyekuwa ameshafika mapema kama kawaida yake, aliweka kikombe chini.

"Mzee ni wa nje?" aliuliza msimamizi. "Pole sana. Hakuna njia nyingine ya kutokea hapa?"

Njia ilikuwepo. Nyuma ya makaburi kulikuwa na njia ya matrekta iliyokatisha mashamba ya Stanley, ikavuka kijito, ikatokea moja kwa moja kwenye banda la ng'ombe la Emil. Kila mtu kwenye mgahawa ule aliijua. Stanley, ambaye alikuwa mkweli kupita kiasi, alifungua mdomo, na Libby akamkanyaga chini ya meza.

"Hakuna," alisema Libby.

"Hakuna kabisa," alisema Stanley kwa sauti nyembamba.

Wote wakamtazama Emil. Njia ile aliipita kwa miguu tangu hajajua kufunga kamba za viatu, na juzi tu alikuwa ameipita na trekta. Emil alitazama dirishani, akawaza.

"Sijawahi kuisikia," alisema.

Vlasta alisikia akiwa mlango wa jikoni. Alivua aproni, akaitundika. Akazunguka kaunta, akaja upande wa wateja, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na Emil, kiti ambacho miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kukikalia. Msimamizi alitaka kuuliza bili, Libby akamwashiria anyamaze.

"Ng'ombe wako?" aliuliza Vlasta.

"Mpwa wangu yuko nao."

"Utalala wapi?"

"Stanley ana kochi."

"Ninalo kochi," alisema Stanley haraka.

"Basi lala kwa Stanley," alisema Vlasta. Akaweka mikono juu ya kaunta. "Halafu nataka twende kwa padri. Na tukitoka kwa padri nataka uhamie hapa. Nimesema nataka, Emil. Sikusema ukipenda, wala sikusema kama si usumbufu."

Emil aliiva tena mpaka kwenye ukingo wa kofia. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwona akilifanya tangu kikao kile: aliivua kofia.

"Barabara ikifunguliwa..." alianza.

"Sijasema mpaka barabara ifunguliwe."

"Najua," alisema Emil. "Nasema, ikifunguliwa, nikachukue nguo."

Ijumaa, Vlasta na Emil wakiwa wameshatoka kwa padri, mafundi waliondoa vizuizi. Lami ilikuwa nyeusi, laini, inanukia, na wa kwanza kuipita alikuwa Emil Brabec, polepole, kwenda kwake. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amerudi, na sanduku la nguo, na viatu vya Jumapili, na jogoo mmoja ambaye Emil alisema mpwa wake hamwezi.